Muulize yeye, sio mimi: jinsi ya kuishi na mtu mwenye sindromu ya Down bila kumuweka pembeni

Mdogo wangu ana miaka 27 na ana sindromu ya Down. Tukiingia dukani mimi na yeye, hela kashika yeye, anachotaka anakijua yeye, njia nzima amekuja anakirudia kimoyomoyo, lakini muuzaji ananiangalia mimi. "Anataka nini huyu?" Yani mtu kasimama mbele yako kabisa, noti mkononi, alafu unamuuliza wa nyuma yake. Siku hizi sijibu. Naangalia pembeni najifanya nasoma maandishi kwenye boksi, na kile kimya kinaendelea mpaka muuzaji mwenyewe anageuka na kumwangalia, ndo mdogo wangu anasema. Ni kama sekunde saba nane hivi. Anasema, anapewa, anahesabu chenji yake kwa kidole, tunaondoka.

Naandika haya kwasababu watu wengi wana nia njema kabisa ila hawajui waanzie wapi, wanaogopa kukosea kwahiyo wanakaa mbali, na huko kukaa mbali kunatuumiza kuliko makosa yenyewe. Mi sio daktari. Ni dada mtu, nimelala chumba kimoja na huyu mtu miaka mingi, na nimesoma sana kuhusu hii hali kwasababu ilinibidi.

Kwanza ujue ni nini

Seli za binadamu zina kromosomu 46, yani vile vijinyuzi vinavyobeba maelekezo ya mwili, jozi 23, nusu kwa mama nusu kwa baba. Mtu mwenye sindromu ya Down mara nyingi ana 47, kwasababu ile ya namba 21 anazo tatu badala ya mbili. Kwa karibu asilimia 95 yao ndo iko hivo, seli zote zina hiyo ya ziada. Kwa wachache ile ya ziada, au kipande chake, imejishikiza kwenye kromosomu nyingine, na wachache zaidi ni baadhi tu ya seli zao zenye ziada. Jina limetoka kwa daktari Mwingereza, John Langdon Down, alieielezea mwaka 1866, ila chanzo chake kwenye kromosomu kikaja kujulikana 1959 huko Ufaransa kwa kazi ya kina Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Umoja wa Mataifa unakadiria ni mtoto 1 kati ya kila 1,000 mpaka 1,100 wanaozaliwa, kwahiyo hata kama kwenu hayupo, kuna mtu unaemjua ambae kwao yupo.

Haiambukizi. Sio laana, na mama mtu hakukosea chochote, hakubeba kitu kizito, hakula kitu kibaya, hakugombana na mtu. Mara nyingi inatokea pale yai au mbegu inapotengenezwa, kromosomu mbili zilizotakiwa kuachana haziachani, basi. Ni kweli uwezekano unapanda kadri umri wa mama unavyopanda, lakini usimwangalie kila mama mwenye mtoto wa hivi ukaanza kupiga hesabu ya miaka yake, maana wengi wao wamejifungua chini ya miaka 35, kwasababu tu wanawake wa umri huo ndo wanaozaa zaidi.

Na sio ugonjwa. Mtu "haugui" sindromu ya Down, anazaliwa nayo na anaishi nayo. Kuna swali tunaulizwa sana, "yake ni kali au ya kawaida?", na mi huwa najibu haipimwi hivo. Kuna atakaesoma na kuandika vizuri tu, kuna atakaehitaji msaada kuvaa maisha yake yote, na huwezi kujua nani ni nani kwa kumwangalia sura.

Maneno ya kuacha leo

Taahira, zezeta, zuzu, punguani. Usiyatumie hata kwa utani, hata unapomtania rafiki yako aliekosea kitu. Mdogo wangu aliwahi kurudi na moja kati ya hayo, akakaa kitandani akaniuliza "dada, maana yake nini?" Alilitamka vizuri kabisa, herufi zote, yeye ambae maneno mengi yanamkwama. Nilikosa cha kumjibu.

Kuna na lile la "mongoli" ambalo wengine bado wanadhani ndo jina la kitaalamu. Sio. Mwaka 1961 kundi la wataalamu liliandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet wakitaka liachwe, na 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha baada ya nchi ya Mongolia kuomba. Limeachwa miaka sitini iliyopita. Sema "mtu mwenye sindromu ya Down", mtu aanze, hali ifuate, na ukiwa unamjua basi tumia jina lake, maana analo.

Ntaongeza na jingine ambalo linanipa shida zaidi kwasababu linasemwa kwa upendo, "hawa ni malaika". Naelewa mtu anamaanisha nini na simchukii. Ila malaika hachoki, hakasiriki, hampendi binti wa jirani, hadai mshahara. Mdogo wangu anafanya yote hayo. Akikasirika anakasirika kweli, anafunga mlango na hataki mtu, na ukishamuita malaika ile hasira yake inaonekana ni kasoro wakati ni haki yake kama mtu mwingine. Vilevile hii ya "wao muda wote wana furaha tu", jamani hapana, wanahuzunika, wanafiwa, wanaachwa, na wengine wanapata sonona kabisa na inachelewa kugundulika kwasababu watu walishaamua kwamba wao ni wa kucheka.

Subiri. Hesabu mpaka kumi

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii.

Watu wenye sindromu ya Down wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Iweke hiyo akilini. Misuli yao inakuwa milegevu tangu utotoni, na midomo na ulimi ni misuli, kwahiyo kulipanga neno litoke ni kazi kubwa. Wengi wana shida ya masikio, majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kwahiyo sauti inamfikia kama imefunikwa na mto. Na kumbukumbu ya muda mfupi ya vitu vya kusikia huwa ndogo, ukimpa sentensi ndefu mwisho wake unafika mwanzo wake umeshapotea. Sasa we umeuliza swali, yeye anatakiwa alisikie, alielewe, atafute jibu, atafute neno, apange mdomo. Wewe umesubiri sekunde mbili ukaona hajui.

Alafu tunafanya kosa la pili, tunarudia swali kwa maneno mengine tukidhani tunamsaidia. Hapo umemfuta alipokuwa amefikia, anaanza upya.

Ngoja niwaambie ya shangazi. Shangazi yetu anampenda sana huyu kijana, anapiga simu kila wiki, na kila wiki ilikuwa hivi hivi. Mdogo wangu anapokea simu kwa mikono miwili, anaibana sikioni. Shangazi: "Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Unaniona siku hizi nimekutupa eeh? Mbona hunijibu? Haya mpe dada yako." Na mimi niko pembeni nayaona mabega yake yanapanda, amevuta pumzi, mdomo umeshajikunja kwa ile "sh" ya shikamoo, na simu anatakiwa anipe. Ananipa. Mabega yanashuka. Miaka imepita hivo na wote tulikuwa tunasema hapendi simu.

Siku moja nikamwambia, shangazi, nakuomba kitu kimoja, ukishauliza swali moja hesabu mpaka kumi moyoni ndo uongee tena, hata kama unaona hayupo. Akakubali ingawa nilisikia kwenye sauti kwamba haamini. Kesho yake akapiga. Akauliza moja, akanyamaza. Nikamuona mdogo wangu anavuta pumzi, mabega juu, mdomo, na hakuna aliemkatisha. "Shikamoo shangazi." Marahaba. Akanyamaza tena shangazi. Na huyu akasema, "Goti?" Yani shangazi alikuwa analalamika goti wiki iliyopita, kwangu mimi, sio kwake, yeye alikuwa amekaa tu chumbani, akalibeba wiki nzima lile goti ili aje aulize. Shangazi ndo alieshindwa kujibu siku hiyo.

Basi fanya hivo. Swali moja, fupi. Mwangalie usoni. Nyamaza. Hesabu polepole mpaka kumi bila kuangalia saa wala simu yako, maana ukionekana una haraka maneno yanakimbia zaidi. Na usipoelewa alichosema usiitikie "eeh, eeh" huku unacheka, wanajua kabisa unadanganya. Sema "sijakupata, niambie tena", na ukishindwa mara ya pili sema "nionyeshe". Wengi ni wazuri sana kwa kuona kuliko kusikia, atakupeleka, atakuonyesha kwa mkono, atakutolea picha kwenye simu. Kwa watoto wadogo ishara za mikono zinasaidia mno kabla maneno hayajaja, na usiogope kwamba zitamfanya mvivu wa kuongea, hazimzuii, zinampunguzia yale machozi ya kutoeleweka wakati maneno yakiwa njiani.

Na usipaze sauti. Na ile sauti ya kubembeleza vitoto vichanga, mtu mzima hasemeshwi hivo.

Umri wake ni umri wake

Mtu wa miaka 27 usimfinye mashavu. Usimpapase kichwa. Usimuulize mama yake "mtoto hajambo?" huku mwenyewe amekaa hapo na ndevu zake. Msalimie kama unavyomsalimia kijana yeyote wa umri wake.

Hili la kukumbatia nataka niliseme kwa uzito. Watu wanaamini wenye sindromu ya Down wote wanapenda kukumbatiwa, kwahiyo mtu hamjui hata jina anamvuta kifuani. Sisi nyumbani tulitumia miezi kumfundisha: wa nyumbani unakumbatia, unaowafahamu unawapa mkono, usiowafahamu unawasalimia kwa mdomo tu. Miezi. Alafu mgeni anaingia mara moja anafungua mikono "njoo nikukumbatie" na kila kitu kinaanza upya. Sio suala la adabu tu. Mtu aliezoeshwa kwamba yeyote anaruhusiwa kumshika hatajua kukataa siku atakapokutana na mtu mbaya, na watu wabaya wanawatafuta hasa watu kama hawa. Kwahiyo mpe mkono. Akikukatalia, heshimu, na mtu wa kwanza kumsifu kwa kukataa uwe wewe.

Maamuzi pia. Shati lipi, nywele zikatwe vipi, hela yake anunue nini, aende au asiende. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 12, unasema ana hadhi sawa mbele ya sheria na apewe msaada anaouhitaji ili aamue, msaada wa kuamua, sio kuamuliwa. Nyumbani hii inaanza na vitu vidogo, vitu viwili mezani, "hiki au hiki?", na ukishauliza ukubali jibu hata kama we usingelichagua.

Akigoma

Wanaitwa wabishi. Anakaa chini katikati ya njia, hasogei, watu wanaangalia, na we unaona aibu unaanza kumvuta. Usimvute. Kwa uzoefu wangu mara nyingi sana ni moja kati ya haya: hakuambiwa mapema kwamba mpango umebadilika, amechoka, kuna kitu kinamuuma na hana neno lake, au amesema kitu mara tatu hakuna aliemsikia na huku kukaa chini ndo namna pekee iliyobaki ya kusema. Inama mpaka macho yenu yalingane, ongea taratibu, mpe machaguo mawili, subiri zile kumi. Wengi wanapenda siku iende kwa mpangilio ule ule, na huo mpangilio ndo unaowapa uhuru kwasababu akijua kinachofuata hahitaji mtu wa kumsukuma. Sisi tuna picha zimebandikwa ukutani za asubuhi yake: mswaki, kuoga, nguo, kifungua kinywa, begi. Kukiwa na mabadiliko tunabadilisha picha jana yake usiku, anaiangalia, analala nayo.

Na akiongea peke yake chumbani, usishtuke. Watu wazima wengi wenye hali hii wanafanya hivo, wanapanga siku yao kwa sauti, wanarudia mazungumzo yaliyowaumiza. Mi kuna mambo ya mdogo wangu niliyajua kwa kupita tu mlangoni kwake. Cha kuwa makini nacho ni yakibadilika ghafla, yakiwa mengi sana au ya hasira na ya kujitukana, hapo tafuta msaada.

Kwa walimu

Kumuweka darasani sio sawa na kumshirikisha. Nimeona mtoto anakaa nyuma kabisa na msaidizi wake pembeni kama ukuta, wenzake wanaongea na msaidizi. Muweke mbele kwasababu ya masikio na macho, karibu na mtoto mmoja mwenye utulivu, na msaidizi asogee nyuma kila inapowezekana. Mpe somo lile lile kwa kiwango chake, sio kupaka rangi wakati wenzake wanasoma. Tumia picha, vitu vya kushika, maandishi makubwa. Watoto wengi wenye sindromu ya Down wanajifunza kusoma kwa kulitambua neno zima kwa macho kabla hawajaweza kuunganisha herufi, na kusoma kunawasaidia hata kuongea, kwasababu neno lililoandikwa halipotei kama la sauti, linakaa pale linamsubiri. Hesabu mara nyingi ni ngumu zaidi, enda na vitu vya kuhesabu kwa mkono na usiwe na haraka.

Mpe kazi ambayo darasa linaihitaji kweli. Kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, kugawa vitabu. Wakati wa michezo asikae benchi kushika nguo za wenzake, acheze, ila kabla ya sarakasi, kupiga mbizi au kuruka kichwa chini wazazi waulize daktari, maana kwa baadhi yao viungo vya juu ya shingo huwa vimelegea, na moyo pia uwe umeangaliwa.

Kwa mabosi

Muajiri kwa kazi iliyopo, sio kazi uliyobuni ili upige nae picha. Muonyeshe kwa kufanya, hatua moja moja, na hizo hatua ziwe na picha ukutani. Mteulie mtu mmoja wa kumuuliza, sio wote kumi wanampa maelekezo tofauti. Mlipe kama wenzake wanaofanya kazi hiyo hiyo. Akikosea mwambie amekosea, kama unavyomwambia mwingine, kwa heshima ile ile, maana kuachwa unaharibu bila kuambiwa nako ni kutengwa.

Watu hupenda kunitumia mifano ya waliofika mbali, na mi naipenda pia. Pablo Pineda wa Hispania alimaliza chuo kikuu akawa mwalimu kwa fani. Chris Nikic wa Marekani mwaka 2020 alikuwa wa kwanza mwenye sindromu ya Down kumaliza mashindano ya Ironman, kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, alafu marathoni nzima, chini ya masaa 17. Mar Galcerán aliingia bunge la jimbo la Valencia huko Hispania mwaka 2023. Ila nikuombe usimpime mdogo wangu kwa hao. Kaka zako wasio na hali hii hupimi maisha yao kwa bingwa wa dunia. Yeye kutandika kitanda chake mwenyewe kulituchukua mwaka mzima, na siku alipoipatia ile pembe ya shuka nilipiga vigelegele kabisa.

Mtoto amezaliwa kwa ndugu au rafiki

Sema hongera. Usiseme pole. Uliza jina la mtoto, omba umbebe, msifie ulichokiona, pua, nywele, mkono ulioshika kidole chako. Usilete hadithi za mtoto wa fulani aliekufa na usilete ahadi za dawa za kuiondoa hali yenyewe, hazipo. Kama unataka kusaidia, jitolee kumsindikiza kliniki, kwasababu karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo na wanatakiwa kupimwa moyo kwa ultrasaundi mapema hata kama mtoto anaonekana mzima. Kunyonya kunaweza kuwa polepole kwasababu ya ile misuli milegevu, mama anachoka, kaa nae. Na kama kuna kaka na dada wadogo pale nyumbani, waulize na wao habari zao, sio kila ukija ni kuuliza mtoto yule tu. Hilo nalijua mwenyewe.

Usiseme "ndo hali yake"

Mdogo wangu akiwa na miaka 23 alianza kunyamaza. Alikuwa anacheza muziki kila jioni, akaacha. Akanenepa, akawa analala mchana, ngozi ikakauka, anajivuta. Tulimpeleka hospitali moja tukaambiwa hiyo ni hali yake tu, watu hawa wakikua wanakuwa hivo. Mama hakukubali. Akang'ang'ania damu ipimwe tezi ya shingoni, thairoidi, na kweli ilikuwa inafanya kazi chini kabisa. Kidonge kimoja kila asubuhi. Haikuwa muujiza wa siku moja, lakini baada ya miezi nilikuwa jikoni nikasikia redio imepandishwa sauti chumbani kwake na miguu inapiga sakafu.

Kwahiyo ukiona mtu wa hivi amebadilika, usikubali hali yake ndo iwe jibu la kila kitu. Tezi ipimwe kila mwaka, masikio, macho, na usingizi pia, kwasababu wengi wanakoroma na kukatika pumzi usiku, mchana wanaonekana wazito kumbe hawajalala. Kwa wenye umri mkubwa kuna ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, unakuja mapema kuliko kwa watu wengine, wakati mwingine kwenye miaka ya 40 na 50, kwasababu jeni moja inayohusika nao iko kwenye hiyohiyo kromosomu 21. Nalisema kwasababu siku hizi wanaishi. Marekani mwaka 1983 wastani ulikuwa kama miaka 25, sasa hivi ni karibu 60. Maana yake rafiki utakaempata leo unaweza kuzeeka nae.

Mualike

Mualike yeye, kwa jina lake, kwa kumwambia mwenyewe. Sio "mje nae kama hatasumbua". Mdogo wangu akipata meseji yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe, hata ya mstari mmoja, anaisoma mpaka inakuwa wimbo. Mwambie nini kitakuwepo, kinaanza saa ngapi, kinaisha saa ngapi, na kama kuna kelele nyingi muonyeshe mahali pa kukaa akichoka. Akishafika asiwekwe kiti cha pembeni na sahani ya kwanza kabisa kama mgonjwa. Mpe kitu cha kufanya, apokee wageni, apange viti. Na picha, muulize kwanza kabla hujaipandisha mtandaoni, sura ni yake.

Tarehe 21 Machi ni siku ya sindromu ya Down duniani, 21 kwa ajili ya ile kromosomu na mwezi wa 3 kwa ajili ya zile tatu, Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012, na watu wanavaa soksi zisizofanana kwasababu kromosomu kwenye hadubini zinafanana kidogo na soksi. Vaa, mi navaa kila mwaka. Ila kabla hujapiga picha ya miguu, mpigie simu yule mmoja unaemjua mwenye hali hii, na ukishamsalimia hesabu mpaka kumi.

Ukikosea

Utakosea, mimi mwenyewe nakosea mpaka leo, juzi nimemjibia swali kwa daktari bila hata kujua nimeshajibu. Usianze kuomba radhi kwa maneno mengi wala kulia mbele yake, anaanza kukubembeleza wewe. Mgeukie, mtaje jina, sema "samahani, nimekuingilia. Ulikuwa unataka kusema nini?" Alafu funga mdomo. Juzi pale kwa daktari zilipita sekunde nyingi tu, daktari akaanza kushika kalamu, nikamuonyesha kwa mkono asubiri. Mdogo wangu akaangalia viatu vyake, akavuta pumzi, akasema, "Sio tumbo. Jino."